Alasiri Niliyofuta Nyuso za Kariobangi

Ijumaa ya mwisho kabla ya kura nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye udongo wa ukingo wa mto, kule Baba Dogo, nikijaribu kupiga picha ya nondo za chuma. Mwenye kandarasi ya kivuko cha waenda kwa miguu alitaka nimpelekee picha za ujenzi kila wiki, awaonyeshe wakubwa kwamba kazi inasonga. Nyapara wake, Wafula, alisimama juu yangu akinikinga na jua.

"Mbona mmezifunga hivi, kama kizimba cha kuku?" nilimuuliza.

"Mama Picha, umekuja kupiga picha au kusomea uhandisi?"

Lakini alichuchumaa akanieleza. Zege ukilikandamiza halina shida, alisema, ila ukilivuta linakatika. Nondo ndiyo inashikilia. Wafula alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuna swali langu aliloliona la kipumbavu. Nilipenda kazi ile kwa sababu yake.

Mwenye kandarasi alikuwa amenionya mapema: "Nataka kazi. Watu wakae kando." Kwa hiyo kila mahali nilipiga mbili. Ya kwanza, ya ofisi, haikuwa na mtu. Ya pili nilijiwekea mwenyewe: vibarua wakicheka, mama wa uji akimwaga vikombe, Wafula akipima kwa kamba.

Ndivyo nilivyokuwa. Studio yangu, ambamo nililala pia, ilikuwa chumba kimoja Kariobangi, chini ya ghorofa, ukuta mmoja na fundi wa masufuria aliyegonga mabati kutwa. Watu walikuja kwangu kupiga picha za kitambulisho, za harusi, za mtoto anayeanza shule. Nami nilitoka kuwafuata kwenye foleni ya maji na kwenye mitaro iliyokuwa ikichimbwa kupitisha mabomba. Nilitaka kujua kila mtu anaishije. Kila filamu iliyosafishwa niliikata vipande, nikavitia kwenye bahasha, na juu ya bahasha nikaandika jina kamili, ploti na namba ya nyumba, ili nijue pa kupeleka picha. Zilijaa katoni nne chini ya kitanda, kazi ya miaka kumi na moja.

Kura ilipigwa kwa utulivu. Matokeo yalipotangazwa nilisikia mayowe upande wa soko, halafu harufu ya mpira unaoungua.

Siku ya kwanza sikuogopa vya kutosha. Nasema hivi kwa aibu. Nilifungua mlango upana wa vidole viwili nikatazama, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mtaa ukigeuka hivyo. Niliona mwanamume akikimbia na fremu ya dirisha, dirisha tupu, bila kioo. Niliona mwanamke amebeba sufuria ya maharagwe bado moto, kaishika kwa leso. Nikawa najiuliza: mtu akipewa dakika moja, huchukua nini, na kwa nini hicho?

Siku ya tatu nilikwenda mtoni na kamera chini ya shuka niliyojitanda. Kivuko kilikuwa na nguzo zote, lakini katikati pengo lilikuwa bado halijamwagwa zege. Vibarua walikuwa wametawanyika. Wafula alibaki. Alikuwa amelaza mbao za jukwaa juu ya lile pengo, akazifunga kwa waya, akasimama katikati. Watu wa upande huu walikuwa wakikimbilia ule, na wa ule wakikimbilia huu, kila kundi likiwakimbia majirani zake. Aliwavusha wote. Sikumwona akimuuliza mtu jina.

Nilipiga picha ishirini hivi nikiwa mbali, nyuma ya rundo la kokoto. Kisha nikarudi nyumbani kwa kupita nyuma ya viwanda.

Siku ya tano, saa nane mchana, mlango wangu uligongwa.

"Niaje, Mama Picha. Fungua. Hatuna noma na wewe."

Sauti niliijua. Ilikuwa ya Deno, kijana wa ploti ya nyuma. Nilikuwa nimempiga picha ya kitambulisho mwaka uliotangulia. Nilifungua. Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja alikuwa ameshika panga lililofungwa gazeti.

"Tunajua uko na majina ya watu wote hii mtaa," Deno alisema. "Na nyumba zao. Tunataka hizo bahasha."

"Za nini?"

"Mathe, usiulize."

Jina la ukoo lilitosha siku zile. Ukilisoma unajua mtu katoka wapi, na bahasha zangu zilionyesha hadi mlango wake.

"Ziko nyingi," nikasema. "Katoni nne."

"Tunaleta mkokoteni. Saa kumi tuko hapa."

Wakaondoka. Yule wa panga akaketi ng'ambo ya barabara, akiuangalia mlango wangu.

Nilikuwa na saa mbili.

Kuzitoa nje hakukuwezekana. Kuzichoma kungetoa moshi, na yule angeuona. Nikakumbuka dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kila fundi wa picha anajua ikigusa filamu inafanya nini.

Nilikuwa na chupa tatu za dawa na mtungi mmoja wa maji. Nikajaza makarai mawili.

Bahasha ya kwanza niliifungua, nikainua filamu kwenye mwanga nione ni nani. Alikuwa bibi harusi, na shela lake lilionekana jeusi, kama filamu inavyoonyesha vitu kinyume. Nikaitazama hadi nikajikaripia. Ya pili sikuitazama.

Ndani ya dawa picha huvimba kwanza. Halafu huteleza kama ngozi ya maziwa, na mkononi unabaki na plastiki safi.

Macho yaliniwasha. Ngozi ya vidole ilikunjamana, kisha ikapasuka. Bahasha nilizichana nikazikanda majini hadi zikawa uji wa karatasi.

Filamu ya siku ya mtoni ilikuwa bado ndani ya kamera, haijasafishwa. Kila uso wa waliovuka ulikuwa humo, pamoja na Wafula na mbao zake. Niliishika kamera kifuani. Nilijiambia hawataijua.

Wangeijua. Ningeijua mimi kama ningekuwa wao.

Nikafungua mgongo wa kamera, nikavuta filamu yote nje, kwenye mwanga wa dirisha, ikaharibika yote.

Saa kumi walikuja na mkokoteni. Deno aliingia, akaona makarai, akaona katoni tupu. Akachota kipande cha filamu, akakiinua juu. Mwanga ulipita bila kizuizi.

"Umefanya nini?"

"Nimefua," nikasema.

Yule wa panga aliondoa gazeti.

Deno hakumwangalia. Bado alikuwa amekishika kile kipande. "Zote?"

"Zote."

"Hata ya mathe yangu?"

Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa sita. Alikuwa amepigwa picha kwangu mara moja tu, siku ya ubatizo wa mjukuu. Sikuwa nimemkumbuka. Katika bahasha zile zote, hata kwa nukta moja, sikumkumbuka.

"Hata ya mama," nikasema.

Aliangusha kile kipande majini. Wenzake walikuwa wakisema maneno, sikuyasikia. Akawaambia, "Twendeni." Waliichukua kamera. Hawakunigusa.

Wafula alikutwa na kundi jingine siku mbili baadaye, pale pale kivukoni, akauawa. Nilisikia kutoka kwa mama wa uji. Sijawahi kujua ni watu wa upande gani, na niliuliza sana.

Njia zilipofunguliwa, mke wake Nekesa alifika kutoka nyumbani kwao kuchukua mwili. Alinitafuta hadi akanipata.

"Dada, wamesema wewe ndiye ulikuwa unampiga picha kila wiki. Naomba moja tu ya kuweka juu ya sanduku. Kitambulisho chake hakijaonekana."

Nilimweleza yote. Ofisi ya mwenye kandarasi ilikuwa na picha, lakini za nguzo na nondo tu, bila mtu, kama alivyotaka. Za watu zilikuwa kwangu.

Nekesa alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakulia na hakuniambia kwamba nilifanya vyema. Aliuliza, "Siku hiyo ya mtoni alivaa nini?" Nikamwambia shati la buluu, mikono imekunjwa. Akauliza kama alikuwa amekonda. Akauliza alisimama vipi. Tukakaa hivyo hadi chai ikapoa, yeye akiuliza, mimi nikijibu.

Nimeishi na hesabu hii tangu wakati huo na haijakamilika. Sijui ni milango mingapi haikugongwa kwa sababu ya makarai yale. Hakuna aliyekuja kunishukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua. Waliokuja kuulizia picha za marehemu wao ninawajua wote, kwa sura. Ningerudishwa kwenye saa mbili zile ningefanya vile vile, na Nekesa bado angetoka kwangu mikono mitupu.

Aliniomba niende mazishini, nikaenda. Baada ya ibada aliwaleta watoto wake watatu nyuma ya nyumba, penye mgomba, nikawasimulia habari za mbao, waya, na watu waliovuka. Wa mwisho, msichana wa miaka kama saba, alinikatiza.

"Baba alikuwa anaogopa?"

Mimi niliyemuuliza Wafula habari za nondo, saruji na kina cha mto, hilo sikuwa nimemuuliza. Siku ile nilikuwa nyuma ya kokoto, mbali.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuweza kuona uso wake vizuri."

Alinitazama akingoja.

"Lakini mikono niliiona," nikasema. "Kila aliyefika kwenye mbao, alimshika mkono hadi akavuka."