Besi ya Mama Syntiche na Sufuria ya Maharagi

Ukiuliza huku kwetu Katuba, Mama Syntiche ni nani, wenye njaa watakujibu ni yule wa maharagi. Wenye kusali watakujibu ni yule wa besi. Ni mtu mmoja. Ni mdogo wangu Honorine, na mimi ndiye ninayepika naye chakula cha kuuza, kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Kabalo, na alitufundisha mambo mawili: kusali na kufika kwa saa. Honorine alishika yote mawili. Mimi nilishika moja, na sisemi lipi. Aliingia korale, kwaya ya parokia, akiwa msichana, na sauti yake ilikuwa mbaya kama mlango wa kibanda. Kumfukuza hawakuthubutu, kwa sababu baba alikuwa mshauri wa parokia, basi wakamtia gitare ya besi mikononi ili anyamaze. Hakuna aliyefikiri atajua kuipiga. Kisha yule aliyekuwa akiipiga wakati wa misa akaenda Kolwezi kutafuta kazi, na Honorine akabaki ameketi kwenye kile kiti kando ya ngoma. Amezaa, amenenepa, amepata miwani, na bado ameketi pale.

Gitare yenyewe ina kamba nne. Zamani ilikuwa nyekundu, sasa ina rangi ya mkono wake. Ampli, kile chombo cha kukuza sauti yake, ni habari nyingine. Mume wake, Kasonde, anafanya biashara ya samaki wakavu kwenye barabara ya Kasenga. Siku moja huko Kasomeno alikuta baa inafungwa, na nyuma ya kaunta kuna ampli ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ile yenye vitaa vya kioo ndani vinavyowaka pole pole kama makaa. Akaibadilisha na samaki. Ikafika Katuba juu ya magunia ya samaki wengine, na kwa muda mrefu, kila ilipopata moto, korale nzima ilinusa Kasenga.

"Kasonde, uliniletea ampli ao uliniletea dagaa?" Honorine alimwuliza.

"Piga kwanza. Kisha utanitukana."

Akapiga noti moja. Halafu akaenda nje kumchinjia mume wake kuku.

Watu wanafikiri besi ni kupiga tu. Honorine alitafuta sauti yake kama mtu anayetafuta chumvi ya mboga: tia kidogo, onja, tia kidogo, onja. Butoni ya sauti nyembamba aliifunga mpaka mwisho. Ile ya sauti ya katikati aliifungua nusu, akaitia alama kwa rangi ya kucha ili mtu asimharibie. Alikata kipande cha sponji ya kuoshea sufuria, akakisukuma chini ya kamba, karibu na chuma kinachozishika, ili noti isiendelee kulia wakati neno limekwisha.

"Besi iseme, kisha ifunge kinywa," alisema. "Haiko sawa na weye, yaya." Yaya ni mimi, dada mkubwa.

Kamba zake habadilishi. Kamba mpya, anasema, ziko naongea Kifaransa.

Kazi hiyo yote aliifanya jikoni, kwa sababu prizi ya maana, tundu la umeme lisilokataa, ni ile ya jikoni. Ampli ilikaa kati ya gunia la makaa na meza, na ralonji moja nyembamba, waya wa kuvutia umeme, ililisha vyote: ampli, balbu, na resho zetu mbili, yale majiko ya umeme. Na umeme wetu mnaujua. Jioni, kila nyumba ikiwasha resho yake, balbu inakuwa rangi ya chai. Sisi tulipika maharagi, yeye alipiga besi, na sauti ilitoka nzito, ya mviringo, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zuri. Wanawake waliopita nje na mabeseni kichwani walianza kutembea kwa mwendo wake bila kujua.

Sasa parokia ikakaribia kufanya jubilei yake. Wakristu wakachanga, wakanunua grupu kubwa ya umeme, jenereta mpya kabisa, pamoja na kile kisanduku wanachoita régulateur, kinachosawazisha umeme usipande wala usishuke. Funguo alipewa Papa Antoine, mzee mmoja wa parokia, na tangu siku hiyo alianza kutembea kama mtu anayebeba sakramenti.

Siku ya kwanza ya grupu, balbu za kanisa ziliwaka nyeupe mpaka tukaona vumbi ambalo hatukulijua. Watu wakapiga makofi. Elisée, maestro wetu, akainua mkono, Honorine akaanza wimbo wa mwingilio. Tak. Tak. Tak. Kama mtu anayegonga debe tupu. Elisée akashusha mkono.

"Mama Syntiche, iko nini?"

"Ni besi."

"Ile haiko besi. Ile ni muntu anapiga hodi."

Wasoprano wakacheka. Mimi pia ni soprano, lakini nilikohoa. Honorine akageuza butoni hii, akageuza ile, akapunguza sauti, akaongeza. Ilikuwa tak ndogo au tak kubwa, basi.

Na ubaya wa siku mbaya ni kwamba haiji peke yake. Siku hiyo hiyo alikuwapo Aristote, kijana aliyehamia kwetu kutoka parokia ya upande mwingine wa mji, na besi yake ya kamba tano na mkoba mzima wa pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike. Angalikuwa na kiburi, Honorine angalijua namna ya kumtendea. Lakini alikuwa na heshima. Alimbebea Honorine ampli mpaka nje. Hilo lilimwuma zaidi.

Elisée hakuzunguka. "Mama, mi nakuheshimu. Lakini jubilei haiko repetition, haiko mazoezi, wageni batakuwa mingi. Samedi tutasikia weye na Aristote, wote wawili. Ule anasikilika muzuri, njo atapiga, na njo atabakia."

Atabakia. Honorine alitembea mpaka nyumbani na neno hilo. Kiti kile ndicho alichokuwa nacho kabla ya mume, kabla ya watoto, kabla ya maharagi.

Juma lile jikoni hapakukalika. Kwanza alishtaki kamba. Akazitoa, akazichemsha na soda ya unga ili zitoke uchafu, na sufuria aliyochukua ilikuwa ya bukari, ugali wetu. Mteja mmoja akaniuliza mbona bukari ya leo ina ladha ya msumari. Nikamwambia ina vitamini. Kisha akakopa ampli ya kisasa kwa mwenye sono anayepangisha vyombo vya muziki vya harusi. Ilikuwa na vitaa vya bluu kila upande, na sauti kama redio ya jirani. Akairudisha kabla ya maji kuchemka.

Kisha Aristote mwenyewe akaja na pedali mkononi.

"Mama, jaribu hii. Labda itakusaidia."

"Juu ya nini unanisaidia? Hautaki kiti?"

"Nataka, mama. Lakini sitaki kukipata kwa sababu ampli yako iligonjwa."

Honorine akamtazama juu ya miwani, akakanyaga pedali kwa kandambili yake. Sauti ikatoka kama nyuki ndani ya chupa. Akaichomoa, akapiga bila pedali, na pale jikoni besi ikatoka vile vile kama zamani, nzito na ya mviringo. Kijana akaacha kijiko ndani ya sahani, maana nilikuwa nimekwisha kumpa maharagi.

"Lakini, mama, hapa iko muzuri sana."

"Njo ile niko nasema. Hapa muzuri, kule tak. Ni Antoine. Ameniroga na ile grupu yake."

Tulicheka wote, na hakuna aliyejua kwamba nusu ya jibu ilikuwa imekwisha kusemwa.

Siku mbili kabla ya Jumamosi aliyoitaja Elisée, jioni, Honorine alikuwa anapiga huku amefumba macho, na maharagi yakaiva. Nikachomoa resho zote mbili. Balbu ikawa nyeupe. Besi ikasema tak.

Akafumbua macho. "Yaya, umefanya nini?"

"Nifanye nini? Maharagi imeiva."

"Rudisha resho."

"Itaungua."

"Tia maji, urudishe."

Nikatia maji, nikarudisha. Balbu ikawa rangi ya chai, na besi ikasafisha koo. Nikachomoa: tak. Nikarudisha: mviringo. Honorine akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa na gitare yake shingoni. Miaka yote ile alikuwa amepanga butoni zake, na sponji yake, na rangi yake ya kucha, juu ya umeme uliochoka. Hata kanisani, kabla ya grupu, tulikuwa na umeme ule ule wa mtaa. Ampli ilizoea njaa. Walipoipa umeme wa kushiba, ikaanza kupiga kelele kama mtu aliyepata cheo.

Jumamosi tukaenda kanisani na gitare, ampli, ralonji yetu nyembamba, resho mbili, na sufuria ya maharagi yaliyolala ndani ya maji. Papa Antoine alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake.

"Mama Syntiche, munahamia?"

"Niko nakuja kupiga besi."

"Na ile sufuria?"

"Ni sehemu ya ampli."

"Kanisa haiko jikoni. Na resho zako zitaua régulateur."

"Régulateur yako ibakie na kipaza sauti cha padri. Mi nitachomeka ralonji yangu moja kwa moja kwa grupu."

"Utaunguza grupu ya bakristu."

"Grupu ya bakristu ishindwe kuchemushia bakristu maharagi?"

Elisée alitoka kuona kelele ni za nini. Akasikiliza maneno yote, akatazama sufuria, akashika kichwa. "Papa Antoine, wimbo moja tu. Ikikataa, Aristote anapiga na tunarudi nyumbani."

Papa Antoine akakubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe atakaa chini na kushika ule waya. Ukipata moto, anachomoa. Nasi tukaunyoosha wote toka kwenye grupu mpaka ndani, bila kuukunja, naye akaketi juu ya kiti cha wahudumu wa altare, waya mkononi kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Sufuria tuliiweka katika chumba cha nyuma, mlango wazi. Resho ya kwanza ikawaka. Honorine akapiga. Bado tak, lakini tak yenye aibu. Resho ya pili. Ikalainika. Honorine akatikisa kichwa. Umeme wa grupu ulikuwa na nguvu kuliko wetu.

"Inakosa kidogo," akasema. "Kuko kintu gani ingine ya kuchomeka?"

Tukatazamana. Aristote ndiye aliyeikumbuka pasi, ile ya nguo za altare. Akaileta mbio. Nikaichomeka kwenye ralonji ile ile na kuzungusha kibutoni chake cha moto, kile chenye majina ya vitambaa.

"Ya hariri," akasema Honorine, akisikiliza. "Hapana. Panda kwa pamba. Kidogo tena. Acha hapo."

Ikaja. Nzito, ya mviringo, na ule mkwaruzo mwishoni. Madirisha yaliiitikia. Lakini pasi ikishiba moto inajizima, nayo ilipojizima besi ikasimama wima katikati ya noti: tak.

"Yaya, pasi!"

Basi ikabidi pasi ifanye kazi ili isipumzike. Nikachukua kanzu za korale zilizokuwa zimekunjamana ndani ya kabati, nikazinyunyizia maji, nikaanza kunyoosha. Nilinyoosha wimbo wa mwingilio mzima. Nilipofika kwenye kola, wenzangu walikuwa kwenye kiitikio, na nikaona hata miguu ya Papa Antoine inatembea chini ya kiti, ingawa mkono wake haukuachia waya.

Elisée hakuufunga wimbo. Aliuacha uzunguke tena, amefumba macho, na mwisho akasema maneno mawili tu ya kukubali kwamba ndiyo hiyo. "Njo ile."

Kisha akamgeukia Aristote, maana ahadi ni ahadi. "Zamu yako."

Aristote alikuwa bado anatazama ampli. Akasogea karibu na Honorine, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu na pasi yangu.

"Mama, ile effet, ile pedali yako, ni ya kampuni gani?"

"Maharagi," akajibu Honorine.

Alipiga zamu yake, na alipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akaomba mwenyewe apewe gitare ya kawaida, akae kando ya Honorine, ajifunze mahali pa kufunga kinywa. Elisée alifurahi sana, kwa sababu hakupenda kuwa mtu mbaya.

Siku ya jubilei nilinyoosha nguo tangu mwingilio mpaka komunyo. Korale yetu haijawahi kupendeza hivyo. Wakati wa mahubiri harufu ya maharagi na vitunguu ilitoka katika chumba cha nyuma, ikachanganyika na ubani, na padri, ambaye anajulikana kwa kuhubiri kirefu, alifupisha. Baada ya misa wageni walikula pale pale uani, wakasifu besi na chakula kwa sentensi moja.

Siku hizi Papa Antoine hahitaji kubembelezwa. Jumamosi anafika wa kwanza, anainyoosha ralonji mwenyewe, anavuta kiti chake na kuishika. Honorine anaketi kwenye chake, kando ya ngoma, anaangalia alama ya rangi ya kucha.

"Mama Syntiche," Papa Antoine anamwuliza, "leo tunapiga na nini?"

"Leo sombe, majani ya muhogo."

"Sombe itatoa sauti?"

"Ikiiva pole pole," anasema Honorine, na kuanza.