Mkono Wangu Ndani ya Beseni

Mimi nilitoka masomo mwaka wa tatu wa primeri, na mpaka leo sioni hasara iliingilia wapi. Wenzangu waliobakia kalasi wanakuja kwenye depo yangu hapa Butembo kuniomba kazi ya kuandika, na ninawapa. Kuandika ni kazi nzuri kwa mwenye kuijua. Mimi nilijua kusukuma kinga, baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese kutoka Manguredjipa, matope mpaka magotini, na nikifika kwenye mlima ambapo wengine wanalaza kinga zao chini wapumzike, mimi ninapita. Kutoka kinga nikapanda moto, pikipiki yangu ya kwanza, kutoka moto nikapanda kamio ya mizigo, na sasa kamio zangu watu wanazitambua kwa mlio tu, hapa mpaka Beni.

Wakiniuliza nguvu hiyo ilitoka wapi, ninawaambia ilitoka kwenye beseni. Kwetu wavulana wote tulikula pamoja, bugali mmoja, maharagi katikati, na mama hakugawa. Aliweka chini, akasema kuleni, akarudi jikoni. Mwenye mkono wa pole alilala na njaa. Mimi nilijifunza kumeza kabla bugali haujapoa, na jicho langu lilikuwa kwenye tonge lingine wakati la kwanza lingali mdomoni. Nilikuwa karibu wa mwisho kuzaliwa, lakini sikumbuki kulala bila kushiba.

Ile siku direktrisi wa shule ya serikali iliyo jirani na depo alikuja kunitafuta, alinikuta juu ya magunia, ninasimamia watu wanaoshusha bunga. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kalasi iliyojaa. Kiti alikikataa.

— Patron, batoto banaanguka.

— Banaanguka wapi?

— Ku gimnastiki. Mwalimu anasema mukimbie, banaanza, kisha umoja anakaa chini, mwingine anashika kichwa. Banatoka mbali, kule ku milima, na asubuhi hapana kula kitu. Bengine ni ba familia zenye zilikimbia vita, banalala kwa banjomba. Sasa mwalimu anataka tuondoe michezo.

— Muondoe michezo? Donc batoto batakuwa banakaa tu, kama aya magunia?

— Njo maana unaniona hapa.

Nikamwambia kwamba siku za michezo watoto wote watakula kwangu, asubuhi kabla ya kalasi, ili saa ya kukimbia ifike tumbo limetulia. Maharagi yangu yanatoka Mabalako, bunga ninasaga kwa mashine yangu. Hakunibembeleza, na mimi sikupenda kubembelezwa. Alinishika mikono yote miwili, akashukuru kwa Kinande na kwa Kiswahili. Kisha akaongeza:

— Tutatafuta na masahani, kila mutoto yake.

— Masahani ya nini? Iko hoteli?

— Patron, bakubwa na badogo kula pamoja…

— Mama direktrisi, mimi nilikulia ku beseni. Niangalie. Niko nakosa nini?

Aliniangalia kutoka viatu mpaka kwenye tumbo, akasema haoni kinachokosa. Nikatuma mabeseni.

Hapo kuna jambo moja la nyumbani ambalo lazima lijulikane. Watu wa namna yangu wanapeleka watoto kwenye masomo ya kulipa. Mimi binti yangu wa mwisho nilimweka kwenye shule ile ile, mwaka wa pili, ili mtu asitembee mjini akisema kwamba ninatoa chakula ambacho damu yangu haili. Na nyumbani nikakata neno: siku za michezo, asipewe chai wala mkate.

— Mutoto atoke tumbo wazi, na mikate iko pa meza? mama watoto akauliza.

— Atakula na benzake.

Alifunika mikate kwa kitambaa, akatoka. Hiyo ndiyo namna yake ya kujibu.

Kazi ikaenda. Wamama walipika nyuma ya kalasi, moshi ukaonekana mpaka barabarani. Mara nyingine nilisimama na moto kwenye lango, niliona watoto wamezunguka mabeseni, wakubwa na wadogo wamechanganyikana kama nilivyoagiza, mikono inaingia na kutoka, kelele kama soko. Mabeseni yalirudi jikoni meupe, huwezi kujua kama yalipakuliwa kitu. Niliona hiyo ni furaha. Timu ya mpira ya mwaka wa sita ikaanza kufunga kila timu, na mimi sikunyamaza, nilieleza kila mahali nilipokunywa chai.

Kule Beni niko na rafiki, mtu wa gari kama mimi, Muislamu wa komini ya Ruwenzori, tunaitana Hadji na Mukubwa. Huyu hapendi kupitwa. Aliposikia habari ya mabeseni yangu mara nyingi kuliko alivyoweza kuvumilia, alianza na yeye kulisha watoto wa shule ya kwao, kisha akasema tuwapambanishe mbio. Wiki zile njia ilikuwa imetulia, bila mashambulizi. Nilituma kamio yangu iwachukue watoto wake, wakaingia Butembo wakiimba. Tuliwekewa viti na soda chini ya hema, mimi na yeye, mbele ya uwanja wenye mteremko.

— Mukubwa, leo kamio yako imekubebea aibu yako mwenyewe.

— Hadji, kunywa sucré yako. Usichoke mbele ya batoto.

Wadogo walianza. Direktrisi akapiga filimbi. Wale wa Beni walitoka kama wamefunguliwa kamba. Wangu walitoka nao vizuri, wakafika kona ya kwanza, halafu wakaanza kupungua: huyu anatembea, yule ameinama na mikono kwenye magoti. Katikati ya uwanja msichana mmoja akakaa chini kabisa, akaanza kung'oa majani.

— Mukubwa, ule wa lastiki nyekundu ku nywele, haiko mutoto yako?

— Ni wangu.

— Anapumzika ku mlima! Weye si ulituambiaka unapitaka benye kupumzika?

Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka, na watu nyuma yetu wakacheka pia, hata wale wanaokula mshahara wangu. Kisha wakubwa wakakimbia, na wakubwa wangu walishinda mbio zote, bila kubakiza. Hadji akapiga makofi kwa heshima. Akanisogelea sikio:

— Donc weye unalishaka tu bale?

Alisema kwa mchezo. Nilicheka naye.

Nilimrudisha binti yangu nyumbani kwenye moto, amekaa mbele yangu, ameshika kioo.

— Juu ya nini ulikaa chini mbele ya watu?

— Miguu ilikataa, Papa.

— Asubuhi haukukula?

— Nilikula.

— Ulikula nini?

Alifikiri kwanza.

— Nililamba. Ba yaya, bale bakubwa, bakimaliza, banatuachiliaka beseni tulambe.

Hakulalamika. Alisema hivyo kama mtu anavyoeleza zamu ya bomba la maji. Na mimi, nitasema nilivyofikiri: nilifikiri mkono wake ni wa pole kwa sababu mama yake amemlea kwa sahani, na kwamba hili ni jambo la kufundishwa. Mimi nilifundishwa na nani? Hakuna. Lakini yeye ana baba anayejua.

Siku ya michezo iliyofuata, sikubaki kwenye lango. Niliingia, nikanawa mikono kwenye foleni na watoto, nikakaa chini kwenye beseni lake, koti langu nikalitundika dirishani. Direktrisi alitoka ofisini akasimama mlangoni. Kwenye beseni kulikuwa na vijana wa mwaka wa sita, wale wale wa timu ya mpira, na wadogo katikati yao. Mama mpishi akaweka. Hakuna aliyenyoosha mkono.

— Kuleni! nikasema. Hapa hakuna patron. Na weye, nikamwambia binti yangu, angalia mukono ya papa.

Tonge la kwanza walinionea haya. La pili waliona kwamba sichezi, wakaingia. Vijana wale wanajua kula, siwezi kuwanyima sifa yao. Mmoja, golikipa, alikuwa na mkono mrefu na alikata bugali kutoka upande wangu bila aibu. Nikamkata kwake. Nikachota maharagi na tonge pana, kama kijiko, namna tuliyoifanya kwetu, akatoa macho. Mmoja akasema «Papa iko moto!», wengine wakacheka huku wanameza. Mwili wangu haukuwa umesahau kitu. Nilichukua tonge la mwisho chini ya vidole vya golikipa, wenyewe wakapiga kelele kwamba nimeshinda, na kweli nilishinda.

Nikamtafuta binti yangu nimwonyeshe. Alikuwa mbele yangu, ameinua mkono wa kuume juu kidogo, vidole vimefunguka, kama nilivyomwagiza: alikuwa anaangalia. Mkono ulikuwa safi. Maji ya kunawa yalikuwa hayajakauka. Msichana wa pembeni yake, vilevile. Na kavulana kadogo kule ng'ambo ya golikipa, vilevile, mkono juu, unangojea nafasi.

— Papa umeshinda, binti yangu akasema.

Akavuta beseni karibu, akalisogeza katikati yake na mwenzake, wakaanza kulamba, kila mmoja upande wake, bila kugombana.

Tonge lilikuwa bado mdomoni mwangu.

Masahani niliyanunua mimi, hilo kila mtu anajua, ya bati, yenye kina, si yale mepesi ya sokoni. Nilipoyapeleka direktrisi hakunikumbusha neno. Aliuliza tu kama nimeleta na kabati ya kuyafungia. Nikaleta na kabati. Hadji anataka turudie mbio, nimemwambia angoje.

Juzi nilipita pale. Wakubwa walikuwa wamemaliza, wanapiga mpira uwanjani. Binti yangu alikuwa amekaa peke yake na sahani yake, anakata matonge madogo madogo, anatazama mpira. Mkono wake ungali wa pole. Chakula kilikuwa kinamngojea.