Neno Nililomtafsiria Bibi

Agosti 1995 nilimpoteza bibi yangu, mama wa baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Ulitangulia mguu wake wa kushoto, uliokatwa hospitali, kisha akafuata yeye.

Niliyakumbuka haya juzi, Mbinga mjini, nikiwa nimesimama mbele ya kabati la kioo kwenye duka la mikate. Mimi pia nina ugonjwa wa sukari kama yeye, huu ni mwaka wa tatu. Kliniki wamenifundisha kuchagua: niulize keki imeokwa kwa unga gani, nichukue kipande kidogo, na siku hiyo nipunguze ugali. Muuzaji aliniuliza, "Mama, unachukua ipi?" Harufu ya skonzi ilikuwa imeshanirudisha kijijini kwetu, kule milimani.

Kama umri wetu unalingana, utaikumbuka miaka ile vitu viliporudi madukani. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ikaanza kuuzwa kila kibanda. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari yao, na jirani yetu akajenga tanuri la matofali ya udongo ili awaokee wachumaji skonzi. Alikuwa Mnyasa kutoka Lipingo, kule ziwani, mjane wa Mmatengo wa kwetu, Mwanglikana peke yake katika kijiji cha Wakatoliki. Aliamka kabla ya jogoo. Tukienda shule tulizikuta skonzi zimepangwa kwenye sinia, zimepakwa maji ya sukari mpaka zinang'aa, nasi tulipunguza mwendo ili tuzinuse vizuri.

Bibi alizipenda kuliko sisi watoto. Alikuwa akisimama mlangoni kwa jirani na kumwita, "Wewe mla dagaa, umeoka au umelala?" Jirani akamjibu, "Njoo ule, mla maharage, kabla wenye meno hawajamaliza." Wakacheka, wakanywa chai pamoja.

Halafu bibi akaanza kunywa maji kupita kiasi na kukonda. Akapelekwa hospitali, nami nikaenda naye kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani tu. Aliweza kusali na kuimba, lakini kuzungumza na nesi hakuweza. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilijivunia Kiswahili changu.

Nesi alisema, "Mwambie bibi ana ugonjwa wa sukari. Aache sukari, na ajihadhari na wanga, hasa usiku."

Sukari niliijua. Wanga nao niliwajua, au nilidhani nawajua: wale watu wanaosemwa kuwa huzunguka usiku kuroga wenzao. Nikamgeuzia bibi maneno yale kwa Kimatengo hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Muulize nesi amejuaje," akasema.

Sikumuuliza. Niliona haya kuonekana mshamba. Nimeifikiria haya ile mara nyingi.

Njiani bibi akaniuliza, "Kijijini kwetu, ni nani anayekuwa macho usiku?" Alikuwa mmoja tu, na wote wawili tulimjua.

Toka siku hiyo hakugusa tena kitu cha jirani. Sukari ya dukani aliiacha kweli, chai isiyo na sukari akainywa huku amekunja uso. Badala ya skonzi akawa anaoka mwenyewe. Alichukua ndizi zilizoiva mpaka maganda yakawa meusi, akaziponda na unga wa mahindi, akaweka kwenye sufuria iliyotandikwa majani ya mgomba, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mkate ulitoka wa kahawia, mzito, una harufu ya moshi na ya asali. Nikiwa mkweli, sijala kitu kitamu zaidi ya kile. "Huu hauna sukari," alisema akikata kipande cha tatu. "Sukari iko dukani."

Jirani aliposikia ugonjwa wenyewe ni upi, alihuzunika, maana mama yake kule ziwani alikuwa ameishi nao miaka mingi. Kila Jumamosi akamwokea bibi mkate mdogo wa ngano isiyochekechwa, wenye mbegu za maboga na chumvi kidogo. Aliufunga kwa kitambaa safi na kunikabidhi mimi. "Mwambie bibi kipande kimoja kwa chai, asizidishe." Bibi aliniamuru niufukie shambani kwenye mikahawa. Niliufukia. Kitambaa nilikifua na kukirudisha, na jirani alidhani ni shukrani.

Maneno ya bibi kwamba jirani anawanga yakafika kisimani, yakafika jumuiya ya kanisani. Wateja wakapungua. Zikapita asubuhi ambazo tanuri halikutoa moshi.

Mwaka uliofuata, kwenye somo la Sayansi Kimu, mwalimu aliandika ubaoni: Vyakula vya wanga ni mahindi, mihogo, viazi, ndizi. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani wanga wanaliwa?" Darasa zima likacheka, na mwalimu naye. Akaeleza. Saa ya mapumziko sikucheza, nilikimbia nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa barazani, mguu wenye kidonda ameuegesha juu ya kigoda, mkate wake wa ndizi uko pembeni. Nilimweleza yote, na kwamba kosa lilikuwa langu. Aliusukuma mkate mbali naye. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Nimeshamtangaza mwenzangu mpaka kanisani. Nikisema leo nilikosea, nitamtazamaje?"

Nilitii. Nilikuwa mtoto, lakini si mdogo wa kutojua ninachofanya. Bibi hakuoka tena mkate wa ndizi, ila alikuwa amechelewa.

Siku hizi mahali pa tanuri pamebaki kichuguu cha udongo mwekundu, na watoto wa pale wanasema palikuwa na mchawi. Nimewasikia kwa masikio yangu. Nawaambia si kweli, wananisikiliza kwa adabu tu.

Jirani hakuja kwenye mazishi ya bibi, nadhani aliogopa watu. Wiki moja baadaye nilimkuta barabarani akipakia masufuria na magodoro kwenye lori la kuteremkia ziwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kila kitu.

Yeye akatangulia kuuliza. "Mwanangu, ile mikate yangu, bibi yako alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, mama."

"Alisemaje?"

"Alisema ni mitamu sana."

Akanitazama. Mikate ile haikuwa na utamu hata kidogo, na aliyeioka ni yeye.

"Mitamu," akasema taratibu. Akakaza kanga yake kiunoni, akampa utingo mkono, akapanda.