Nilivyoanua Nguo za Ploti Nzima

Nisiposema mwenyewe, majirani watasema, na wao watatia chumvi.

Kamau, fundi wa spika hapa kwetu Ruiru, amegeuza stoo ya chakula cha kuku kuwa sinema. Kiingilio ni bei ya chai na chapati mbili. Jumamosi mchana tulimaliza kufua, tukaanika, tukaingia, mimi na wamama watano tunaopanga nao ploti moja. Ni hapo tu, ng'ambo ya ua.

Ngai! Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Uso wa mtu mmoja ulijaa ukuta mzima, na chozi lake lilikuwa kubwa kama sufuria. Nilisahau hata njugu mkononi.

Kisha mvua ikaanza. Matone mawili matatu juu ya mabati, halafu ikamwagika yote. Kwa ploti yetu, anayesikia mvua kwanza huwaita wengine. Nikaruka.

"Wamama, mvua! Nguo!"

Tukatoka mbio sisi sita, tukikanyagana.

Nilikuwa nimeshakumbatia mashuka matatu na suruali ya mume wa mtu nilipohisi jua likinichoma shingo. Juu hakukuwa na wingu hata moja. Kule ndani, mvua ya filamu ilikuwa bado inanyesha kwenye spika za Kamau.

Mwenyewe alisimama mlangoni, rimoti mkononi.

"Mama Ciku," akaniuliza kwa heshima kabisa, "niirudishe mvua mwanzo, ama mmalize kuanua kwanza?"