Kivuli Chini ya Mukaba

Miye Denise sina aibu kusema: siku ile nilimutukana Pétronille, binti anayepima mashine zetu, na nilimutukana vizuri.

Alitukuta chini ya mukaba, ule mpira murefu unaopandisha mawe kwenye mashine ya kusaga, hapa carrière yetu, machimbo ya mawe nje ya Bunia. Siye wanamama wa kuchagua kokoto hatuna kivuli kingine.

"Mutoke! Mutoke mbio!"

Kumbe jana yake, saa sita mchana, yeye mwenyewe alipima kiungo cha mukaba, pale ncha mbili za mpira zinaunganishwa, na kamera yake inayoonyesha joto, akaandika kwenye karatasi "bon", yaani iko sawa.

"Weye Pétro! Jana bon, leo mbaya? Jua hili utatubebea weye?"

Alikimbia kwa chef Isidore, mukubwa wa kazi, na siye wote nyuma yake, tunamuzomea.

"Chef, nilikosa," akasema, anahema. "Jana jua lilichoma mpira wote, kamera ikaonyesha rangi moja tu. Leo asubuhi, baridi ingali iko, mukaba umebeba mawe, kamera imenionyesha musitari wa joto pale kwenye kiungo. Kinaachana ndani. Simamisha!"

Isidore akacheka. "Karatasi yako inasema bon. Ukisema ulikosa, kazi yako imekwisha leo."

Baba yake Pétronille alifukiwa na udongo kwenye machimbo ya dhahabu kule Mongbwalu, na wadogo wake watatu wanakula kwa kazi hii. Wote tunajua.

"Andika nilikosa," akasema.

"Wanamama, murudi kazini!" Isidore akafoka.

Tukageuka. Haki ya Mungu, tulikuwa tunarudi. Hatua kumi zilibaki tufike chini ya mukaba, Pétronille akatupita mbio, akavuta kamba ya kusimamisha mashine. Mukaba ukashituka. Kiungo kikapasuka, pwaa! Mpira ukashuka nyuma na mawe yake yote. Vumbi lilipotulia, mabeseni yetu tuliyoyaacha pale kivulini hayakuonekana, mawe yameyafunika.



Isidore alimufukuza vilevile, kwa ajili ya ile "bon". Nilimufuata mupaka barabarani nimuombe msamaha kwa matusi yangu, lakini alinitangulia kusema.

"Mama Denise, jana mulikuwa munakula pale chini. Mulinipa muhogo. Nikasema asante, nikaandika bon, na kile kiungo kiko juu ya vichwa vyenu."

Nilimushika mukono. Wee, mudomo wangu huu unaojua kutukana, ulisema asante tu.