Ukavu Baada ya Hedhi Kukoma: Niliyoyaona Garissa na Hadado

Alhamdulillahi, siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika kliniki ya kinamama mjini Garissa ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Matroni, mama wa Kisomali aliyekaa kazini muda mrefu kuliko sisi sote, alinikalisha kando yake. "Abaayo, dada yangu," alisema, "mama mtu mzima akikuambia anaumwa mgongo, usikimbilie dawa ya mgongo. Funga mlango, kisha muulize kama siku hizi anaswali mwezi mzima."

Nilimwelewa mara moja, maana nililelewa katika duksi, chuo chetu cha Kurani. Mwanamke haswali siku za hedhi. Anayeswali miezi yote bila kukatiza, hedhi yake imekoma. Swali hilo halikumwaibisha mtu. Wengine walilijibu kwa fahari, kisha polepole wakafikia lililowaleta: tendo la ndoa limekuwa maumivu.

Daktari wa magonjwa ya wanawake alitueleza sababu. Hedhi ikikoma, mwili hupunguza estrojeni, homoni inayoufanya uke uwe laini na wenye unyevu. Ngozi ya ndani huwa nyembamba, hukauka na kuchanika upesi. "Wanaambiwa ni uzee, wavumilie," alisema. "Dawa ipo." Nilitoka pale nikitamani kumsimamisha kila mama sokoni nimpe habari hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Wajir, nikapangiwa zahanati ya Hadado. Ndiko alikonijia Dahabo, bibi mwenye wajukuu, mke wa mfugaji wa ngamia aitwaye Mzee Abdi. Hakuja kutafuta dawa.

"Wewe umesoma dini," alisema. "Nenda umwambie mzee aoe mke mwingine."

"Yeye anataka?"

"Hataki. Anasema mmoja tu amemmaliza. Mimi ndiye ninayetaka. Akioa, nitapumzika na haya maumivu."

"Na akihamia kwa huyo mwingine, utafurahi?"

Alivuta shela yake ikafunika macho. "Nimekaa naye tangu nikiwa msichana," alisema. "Nani atanichekesha?"

Nilimuuliza anavyojitunza. Kumbe kila maumivu yalipozidi, alidhani hajajiandaa vizuri kwa mumewe. Basi akaongeza sabuni ya manukato, akaongeza na kukaa juu ya chetezo cha uunsi, udi wetu wa kujifukiza.

"Habaryar, mama mdogo, unazidi kujikausha," nilimwambia. "Fukiza nguo na nywele. Huko chini maji matupu yanatosha."

"Na mzee akisema sinukii?"

"Mzee anayenusa ngamia mchana kutwa?"

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Daktari kutoka mjini Wajir alipokuja Hadado alimpima. Hakuwa akitokwa na damu, wala hakuwa na uvimbe kwenye matiti, dalili ambazo zingemzuia kupewa estrojeni. Kovu la kukeketwa utotoni lilikuwapo, lakini kilichomuumiza hasa ni ukavu. Akampa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni: kiasi kidogo kila usiku kwa majuma mawili, kisha mara mbili kwa juma, pamoja na kilainishi cha maji wakati wa tendo. Dahabo akauliza habari za Ramadhani. Nikamwambia atapaka usiku, baada ya kufuturu. Nikamsihi pia amweleze mumewe, ili asimharakishe.

"Nimweleze mimi? Kwa mdomo upi?" alisema, akaificha dawa chini ya shela na kuondoka. Nilimwombea katika kila sala, kwa maana bila mumewe kujua, dawa peke yake isingetosha.

Sasa nimestaafu, na wauguzi wasichana huniuliza siku ipi kazini niliifurahia zaidi. Hutarajia niwatajie siku niliyozalisha mapacha. Nawasimulia asubuhi Mzee Abdi alipoingia zahanatini peke yake, fimbo mabegani, benchi limejaa wanawake. Alisimama mbele yangu akitazama dari.

"Dawa imekwisha," alisema.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini ni dawa ya nani.

"Ya Dahabo," alijibu, wala hakunong'ona. "Na yangu. Ya sisi wawili. Tupe ya kutosha, binti yangu. Mvua imenyesha, tunahamia malisho ya mbali, na mimi siendi bila yeye."

Wanawake kwenye benchi waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilimpa dawa, nikamwombea safari njema, kisha nikaingia stoo, nikasujudu kumshukuru Mungu.