Mchezaji Niliyemtunga Jikoni

Nilimtunga mchezaji. Hata sikumtunga vizuri, ndiyo maana mpaka leo nashangaa kwamba watu wazima wenye kazi zao walimwamini. Nilimpa miaka kumi na minane, mguu wa kushoto, na urefu wa mlango wa jiko la kantini, kwa sababu mlango ndio uliokuwa mbele ya macho yangu nilipoulizwa. Nilikuwa nasugua sufuria. Mtu anayesugua sufuria ya pilau iliyoshika chini asiulizwe maswali mazito.

Kilichonifikisha kwenye sufuria ni upumbavu mwingine. Shuleni niliingia chumba cha matangazo, nikaiga sauti ya mwalimu mkuu, nikawatangazia watoto wa madarasa ya chini kwamba joto limezidi, waende nyumbani. Mabasi mawili yaliondoka kweli. Ilikuwa mara ya tatu mama kuitwa shuleni mwaka ule, nikasimamishwa wiki nzima. Mama hakunifokea. Kufoka kunataka nguvu, na yeye alikuwa ametoka kazini. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, akasema Januari, shule zikifunguliwa kwetu, nitakwenda Tanga kwa mjomba, nisome huko mpaka nimalize. Baba anafanya kazi usiku kwenye maghala ya Jebel Ali, hapa Dubai, na mchana hulala kama popo. Alifunua shuka, akasema, "Sawa," akajifunika tena.

Mjomba alifurahi kupita kiasi. Kesho yake alituma picha ya kitanda alichokitoa stoo. Siku iliyofuata akatuma kitanda kile kile kimepigwa msasa. Halafu kina chandarua. "Mwambie mpwa wangu kinamsubiri," aliandika. Sijawahi kuona kitanda cha kutisha namna ile.

Sikutaka kwenda. Nasema hivi sasa ili mjue, maana kule nyumbani nilijifanya sijali. Nilimwambia mama Tanga kuna maembe. Alinitazama tu.

Basi wiki ile mama hakuniacha peke yangu kwenye chumba chetu cha Deira, ananijua. Asubuhi tulipanda metro, tukashuka, tukapanda basi la wafanyakazi, yeye amelala begani kwangu na mimi nimelala juu ya kichwa chake, mpaka kwenye uwanja wa michezo anakopika kantini. Mimi nikakabidhiwa sufuria.

Kantini ile ina mashabiki wake. Si wa mpira tunaoujua sisi. Ni mpira wa Kiaustralia: uwanja kama yai, mpira kama papai, na wachezaji wanaruhusiwa kupanda mabegani mwa wenzao kama ngazi wakaudake huko juu, na refa anaona ni sawa tu. Mechi zikichezwa kwao mchana, huku ni asubuhi, kwa hiyo watu hawa wanafungwa kabla ya chai. Na wanafungwa kila wiki. Klabu yao ni mbovu tangu sijaja nchi hii. Kila mwaka wanasema wanajenga upya. Dubai nzima imejengwa na kumalizika, wao bado wanachimba msingi.

Waliokuja wiki ile walikuwa watatu. Wa kwanza ni mzee mmoja Mwaustralia, fundi wa kreni bandarini, anavaa skafu ya sufu ya klabu hata Juni. Wa pili ni mama wa huko huko kwao, wa kampuni ya bima, anakuja na kompyuta ili ofisini wajue yuko kazini. Wa tatu ni mlinzi wa getini, Mkenya wa upande wa Nakuru. Yeye alianza kutazama kwa sababu kiti chake cha getini kinaelekea runinga ya kantini. Alipokuja kushtuka, ameshakuwa shabiki, na hakuna wa kumtoa. Wale wawili huongea Kiingereza cha kwao, mlinzi huwajibu kwa cha kwake. Hapa nawatafsiri wote, mlinzi nikimwachia Kiswahili cha kwao, na matusi nimeyapunguza.

Novemba kule kuna mgao. Mimi nauita mgao, kama ule wa umeme. Klabu zote zinakaa, iliyofanya vibaya inatangulia kuchagua, na vijana wanaomaliza shule wanagawanywa. Kijana hachagui. Linaitwa jina lake, anapakia begi, anahamia mji wa klabu iliyomtaja, hata kama ni ng'ambo ya pili ya nchi. Unaweza kudhani mashabiki wanafurahia siku kama hiyo. Hawa walikuwa wanaijadili kama ndugu wa mgonjwa.

"Tunataka mrefu," mzee alisema. "Mtu wa mbele. Mtu wa kudaka."

"Mwaka juzi tulichukua mrefu," akasema mama wa kompyuta. "Yuko wapi?"

"Goti."

"Na wa kabla yake?"

"Goti."

"Na wa kabla ya huyo?"

"Huyo alirudi kwao."

Mzee akashika skafu yake, kama aliyetajwa ni marehemu. Maana ndicho wanachokiogopa kuliko goti. Kijana anakuja, anafundishwa, analishwa, anaanza kuiva, halafu siku moja anasema amekumbuka nyumbani, anaomba ahamishiwe klabu ya kwao. Goti lina daktari. Huyu wa kukumbuka nyumbani unampeleka wapi?

"Mimi nasema achukuliwe kiungo," mlinzi akasema. "Mtu mfupi, mwenye mapafu. Hawa warefu ni maua tu, boss."

"Wewe, kijana!" Mzee aliniita kwenye dirisha la kutolea chakula. "Wewe unaishi ndani ya simu. Kule mwishoni, majina makubwa yakishakwisha, nani mzuri na hajulikani?"

Ningesema sijui. Ni maneno mawili. Lakini mlango ulikuwa pale, na mdomo wangu ukafunguka peke yake. Nikawaambia kuna kijana mmoja wa kaskazini, mbali, kwenye machimbo, hana hata video. Nikampa jina ambalo silitaji hapa kwa sababu ni la aina ya sabuni. Anaruka mpaka anakanyaga mabega. Mama yake anapika kwenye kantini ya wachimbaji.

Mama wa kompyuta akamtafuta hapo hapo. "Hayupo."

"Hayupo kabisa?" mzee akauliza, na macho yakamwaka. "Popote?"

"Popote."

"Basi ndiye! Klabu yetu imemficha, wengine wasimwone!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu ameshajidanganya mwenyewe, kazi yako imekwisha. Nikarudi kwenye sufuria nacheka na povu. Lakini hawakuniacha. Mama wa bima, kwa kuwa ni wa bima, akauliza la hatari zaidi: nyumbani kwao je? Amezoea kukaa mbali? Atadumu?

Hapo niliishiwa. Kutunga mabega na miguu ni rahisi, lakini hili sikuwa nimelitayarisha, nikachomoa la karibu. Nikasema: alipokuwa mdogo mama yake alisafiri kwenda kazini mbali, akaachwa kwa bibi. Akaiba kandambili za mama yake, akawa analala nazo chini ya mto mpaka zikaisha soli.

Nyuma yangu mama alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama. Kikaendelea.

Kandambili zile zilikuwa za kweli. Za bluu. Mama ndiyo kwanza alikuwa amekuja huku, mimi nimebaki Tanga kwa bibi. Bibi aliziona, akanifichia siri. Mama alipopiga simu kuziulizia, bibi akamwambia zimeibiwa uani. Kwa miaka yote ile mama alimdhania mtoto wa jirani. Na Kiingereza mama anakisikia vizuri tu, ila hukitumia pale anapokuwa na hasira.

"Huyo msimchukue," mlinzi akasema. "Mtoto wa kandambili? Zii. Mwaka moja tu, amerudi kwao na begi."

"Kijana wa namna hiyo ana moyo," mzee akasema.

"Moyo haudaki mpira," akasema mama wa bima.

"Wacha niwaambie," mlinzi akasema. Alikuwa amesimama, maana mapumziko yake yalikuwa yanaisha. "Mimi nikitoka nyumbani, mtoi wangu alinifichia kiatu moja ndiyo nisiende. Tulitafuta mpaka gari ikaanza kupiga honi. Nikapanda ndege na sandals. Watu wa airport wananiangalia hivi." Akacheka peke yake. "Kiatu ilipatikana ndani ya gunia ya unga. Sasa yeye ni wa darasa la saba. Nikipiga simu anasema, sawa dadi, bai. Hizo tu. Mtoto wa kandambili hana shida. Shida ni akishazoea."

Akavaa kofia yake, akarudi getini.

 Mama akamimina vitunguu kwenye mafuta, kantini nzima ikajaa moshi.

Mgao wenyewe huenda siku mbili, na huku unaangukia adhuhuri. Siku ya kwanza ni ya majina makubwa. Klabu ikachukua kiungo, mfupi, mwenye mapafu. Mlinzi akapiga ngumi hewani kule getini, dereva wa lori akadhani anaruhusiwa kuingia. Mzee hakujali. Alikuwa na wake wa siku ya pili. Katika kundi lao la kwenye simu, ambalo nilitiwa kwa sababu mimi ndiye huwaunganishia kompyuta na runinga, walimbishania kijana wangu tangu asubuhi: atacheza mbele au nyuma, aongezwe uzito kiasi gani, akae na familia gani ili asikumbuke nyumbani. Mtu mmoja nisiyemjua akaandika kwamba amewahi kumwona akicheza. Nikausoma ujumbe ule mara mbili. Mjomba naye, dakika hiyo hiyo, akatuma picha ya mto.

Siku ya pili mzee alikuja na skafu imefuliwa. Nilimwona anaiweka sawa kifuani, nikaelewa kwamba mzaha wangu umenenepa kuliko mimi.

Majina yakaitwa. Si yeye. Yakaitwa mengine. Si yeye.

"Wanangoja," mzee akasema. "Wajanja hao. Wanamngojea mwishoni."

Chai yake ikapoa, mama akamtolea nyingine bila kuombwa. Klabu zikaanza kujitoa moja moja, zimetosheka. Ikafika zamu yao. Mtu mwenye suti akainama kwenye kipaza sauti, akasema klabu imemaliza, haichagui tena.

Nilidhani mzee atatukana. Alikaa tu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Halafu akatoa simu.

"Nawapigia," akasema. "Klabuni kwenyewe. Mimi mwanachama tangu nina nywele, watanisikiliza. Bado wanaweza kumwita kwa majaribio. Kijana yule amekaa sasa hivi mbele ya runinga na mama yake, hajasikia jina lake. Si haki."

Akaanza kubonyeza namba.

Nikamwangalia mama. Alikuwa kwenye dirisha, anafuta pale pale alipokwisha kufuta. Nilijua nikisema, hii ndiyo ya nne baada ya zile tatu za shuleni, na kitanda cha Tanga kimepata mwenyewe. Nilijua pia nikinyamaza hakuna atakayejua. Huko klabuni wangemwambia hawamfahamu, naye angeona wanaendelea kuficha. Angemngoja mpaka mwakani. Angefua skafu tena.

"Usipige," nikasema. "Hayupo."

"Najua hayupo kwenye orodha."

"Hayupo popote. Nilimtunga. Urefu wake ni wa mlango huu."

Mzee akautazama mlango. Kwa kweli aliutazama, juu mpaka chini, kama anampima. Mama wa kompyuta akafungua mdomo kusema kwamba yeye alishasema, akaona uso wa mzee, akaufunga. Mlinzi alikuwa ameingia kuchukua maji, akabaki na chupa mkononi.

"Na kandambili?" mzee akauliza.

"Hizo za kweli."

Hakuniuliza za nani. Akageuza kichwa polepole kwenye dirisha, na wenzake wakageuza. Mama akaacha kufuta. Akachukua lile kopo la chai ya mzee, akalijaza tena ingawa lilikuwa limejaa, likamwagika, akasema kwa Kiingereza, "Sorry, sir," akaingia ndani.

Mzee akavua skafu, akaikunja. "Khalas," akasema. Yaani basi, yamekwisha; ni neno pekee la hapa analolijua. Sikusugua sufuria tena siku ile. Nilizitazama tu, nazo zikanitazama.

Jioni metro ilijaa. Mama angeweza kupata nafasi kwenye behewa la wanawake, lakini mimi siruhusiwi huko, akasimama na mimi. Vituo vingi alisimama amefumba macho, anashika nguzo. Mtu akashuka, mama akapata kiti. Akatoa kisigino kidogo kwenye kiatu, kikapumua. Nilikuwa nimeandaa utetezi, wenye vichekesho viwili, nikavimeza vyote.

"Za bluu?" akauliza, bila kufumbua macho.

"Za bluu."

"Mtoto wa jirani nilimnyima salamu mpaka anaoa."

Sikucheka, ingawa ilinibidi nitazame nje kwa nguvu. Simu yake ikalia. Nikaona kwa juu: mjomba, picha, kitanda kimetandikwa shuka la maua. Mama aliitazama picha ile muda mrefu, kituo kizima. Kisha akanipa simu nimshikie, akafumba macho tena.

"Mwambie mjomba wako kitanda hicho akilalie mwenyewe," mama akasema. "Na kesho ukamwombe radhi yule mzee. Usimchekeshe. Uombe radhi, halafu unyamaze."